Tunakwenda Istanbul, lakini hatujakubaliana nani akae na fedha

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa makamo, mtumishi katika mojawapo ya wizara zilizopo hapa Mtumba, na mama wa watoto watatu, wawili kati yao wakiwa bado vyuoni. Mume wangu ni mstaafu ambaye siku hizi nguvu zake zote ziko katika shamba la zabibu huko Hombolo. Mavuno ya mara ya mwisho yalimlipa vizuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo kwamba jubilei ya ndoa yetu tuisherehekee nje ya nchi, jambo ambalo hatujawahi kulifanya pamoja tangu tuoane. Tumechagua Istanbul. Viza zimetoka, tiketi za ndege tumeshalipa, na tutashuka Dar es Salaam kwa treni ya SGR siku moja kabla ya safari. Hoteli tumeiwekea nafasi lakini malipo yatafanyika tukifika.

Kwa ajili ya hoteli, chakula, usafiri wa mjini na manunuzi tumetenga dola 3,000. Mume wangu anataka zote ziwe taslimu, noti za mia mia, na azifunge yeye kiunoni katika mkanda wenye mfuko. Hataki kusikia habari za kadi. Miaka ya nyuma alikwenda msibani katika nchi jirani, mashine ya kutolea fedha ikameza kadi yake siku ya Jumamosi, na mpaka anarudi alikuwa akiishi kwa kukopa nauli kwa shemeji zake, kitu kilichomdhalilisha sana. Tangu hapo pensheni yake ikiingia benki huitoa yote siku hiyo hiyo. Mimi kwa upande wangu naogopa fedha zote kuwa mwilini mwa mtu mmoja katika mji wenye watu wengi kiasi kile, na ningependa tutumie kadi yangu ya benki kwa sehemu kubwa ya matumizi.

Katikati ya mvutano huo ameingia mpwa wa mume wangu, kijana anayefanya biashara ya nguo kule Istanbul. Yeye ameshauri kwamba tusihangaike na dola wala kadi. Tumkabidhi mama yake, yaani wifi yangu anayeishi hapa Dodoma, fedha zote kwa shilingi, naye atatupa lira tukifika, kwa kiwango kizuri kuliko cha benki. Mume wangu amelifurahia wazo hilo. Nilipouliza kama tutapewa maandishi yoyote, alikasirika na kuniuliza kama ndugu zake ni wezi. Wifi yangu amekwisha kusikia, na sasa salamu zake ni za mdomoni tu.

Lipo jambo jingine ambalo mume wangu halijui. Nina akaunti ya dola. Niliifungua kwa posho za safari za kikazi, na kila nilipobakiza kitu nilikiweka humo kwa ajili ya ada za watoto na dharura. Sikuifungua kwa nia mbaya. Nilimwona mwenzangu akizika kila shilingi shambani, nikaona lazima pawepo mahali ambapo fedha hazigeuki mbolea na nguzo za zege. Kadi ninayotaka kuitumia Istanbul ni ya akaunti hiyo. Nikiitumia ataiona, nikiiacha, nitakuwa nimekwenda ugenini nikitegemea mkanda wa kiunoni au hisani ya mpwa.

Naomba unisaidie. Je, kadi ni salama kama ninavyodhani? Nimkubalie mpwa ili kulinda undugu? Na hii akaunti nifanye nayo nini?

Wako,
Mke wa Mkulima, Dodoma

JIBU

Marahaba, dada yangu, na hongereni kwa jubilei. Ndoa ambayo mume, baada ya mavuno mazuri, anawaza kumpeleka mkewe matembezi badala ya kuongeza ekari nyingine, ina jambo la kushukuriwa ndani yake, na ningependa ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Nimeielewa barua yako hivi: mnazo fedha za kutosha, mnayo safari iliyokwisha kulipiwa nusu, na mnazo njia tatu za kuzifikisha fedha hizo Istanbul, kila moja ikiwa na mtu anayeitetea. Nyuma ya njia hizo lipo suala la nani kati yenu anamwamini nani, na nyuma yake ipo akaunti ambayo wewe peke yako unaifahamu. Nitaanza na upande wa benki, kwa sababu huko mambo mengi yanajulikana, na baadhi ya yale unayoyadhani kuhusu kadi yanahitaji kutazamwa upya.

Unaona kadi kuwa salama kuliko taslimu. Ni kweli kwa maana moja: mwizi akichukua kadi unaweza kuizuia, ilhali noti zikienda zimekwenda. Lakini kadi iliyo katika mkoba wako mkiwa Istanbul inategemea vitu kadhaa vilivyobaki Dodoma. Cha kwanza ni kama benki yako imeifungulia matumizi ya nje ya nchi, kwa sababu benki nyingi huifunga huduma hiyo mpaka mteja aiombe, na nyingine husimamisha kadi zikiona miamala ya ghafla kutoka nchi ngeni. Cha pili ni kiwango cha juu cha kutoa au kulipa kwa siku, ambacho huenda kikawa kidogo kuliko bili ya hoteli. Cha tatu ni simu yako, na hapa ningependa tukae kidogo.

Benki hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini iliyosajiliwa katika akaunti, hasa kwa malipo ya mtandaoni. Wasafiri wengi wakifika ugenini huchomoa laini ya Tanzania na kuweka ya kule ili wapate intaneti ya bei nafuu, kisha wanashangaa malipo yakikwama kwa sababu namba ile imetumwa kwenye laini iliyolala ndani ya pochi. Omba mtandao wako wa simu uwashe huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujaondoka, uliza gharama zake, na kama simu yako inapokea laini mbili, ya nyumbani ibaki mahali pake. Kumbuka pia kwamba laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Simu ikipotea Istanbul, huna mahali kule pa kuirudisha laini hiyo, na kadi yako inaweza kuwa nusu kadi hadi urudi. Kwa hiyo hofu ya mume wako kwamba mtu anaweza kukwama na kadi yake mfukoni si ya kupuuzwa. Imewahi kumtokea, tena siku ya Jumamosi, siku ambayo mlango wa tawi umefungwa na hakuna wa kumweleza. Ningekuwa yeye, huenda nami ningezipenda noti.

Hata hivyo, mengi ya yaliyompata yana kinga. Mashine ya kutolea fedha iliyo ndani ya tawi la benki, ikitumiwa saa za kazi, ikimeza kadi kuna mtu wa kumwendea. Kadi ya pili iliyohifadhiwa mahali tofauti na ya kwanza hubadilisha kabisa uzito wa ajali kama ile. Na hapa nina swali kwako: kwa nini mazungumzo yenu yanahusu kadi yako tu? Yeye ni mstaafu, pensheni yake inapitia benki, na kwa kawaida anayo kadi, hata kama huitumia siku moja tu kwa mwezi. Kama ina nembo ya Visa au Mastercard na benki yake ikaifungulia matumizi ya nje, kila mmoja wenu angekuwa na njia yake ya kufikia fedha. Fikiria siku ambayo mmoja wenu ameugua ghafla na mwingine anatakiwa kulipa hospitalini. Kadi yako ikiwa ndiyo pekee na wewe ndiye uliyelazwa, yeye hana kitu. Mkanda wake ukiwa ndio pekee na yeye ndiye aliyepotea katika msongamano wa Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kale, wewe huna kitu. Nadhani hapa pana mahali mnapoweza kukutana bila mmoja kuonekana ameshindwa.

Kuhusu gharama, zipo hasara mbili ambazo watu huzipata kimyakimya. Unapolipa kwa kadi au kutoa fedha, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kutozwa kwa lira au kwa fedha ya kwenu, dola au shilingi. Swali hilo linaonekana kama ukarimu, lakini ukichagua fedha ya kwenu, kiwango cha kubadilishia hupangwa na wenye mashine, na mara nyingi kinakula asilimia kadhaa ya fedha yako. Chagua lira. Hasara ya pili ni ada ya kila unapotoa: benki yako hutoza, na benki ya kule inaweza kutoza pia, hivyo kutoa kidogo kidogo kila siku ni kulipia mlango uleule mara nyingi. Kutoa nyingi kwa mkupuo nako kunakurudisha kwenye mkanda. Hapo hakuna jibu lisilo na bei. Kwa akaunti ya shilingi, fedha mara nyingi hubadilishwa kupitia dola kabla ya kufika kwenye lira, na kila hatua ina makato yake. Akaunti ya dola hupunguza hatua moja. Nalisema hili nikijua linagusa ile akaunti yako, na nitalirudia.

Usishangae pia hoteli ikiomba kadi mnapofika na kuzuia kiasi fulani kama dhamana. Kwa kadi zetu za kawaida, kiasi kinachozuiwa ni fedha yako halisi, nayo inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa baada ya kuondoka. Waandikieni mapema muulize wanazuia kiasi gani na kama wanapokea dhamana ya taslimu. Mkigundua kwamba hawaipokei, hoja ya mzee ya kwenda na noti tupu itakuwa imejijibu, tena si kwa mdomo wako.

Sasa noti zenyewe. Mume wako hakosei kutaka za mia, kwa sababu noti kubwa kwa kawaida hupata kiwango kizuri kuliko ndogo. Ila zikaguliwe. Zipo noti za zamani, zile ambazo wauzaji wetu huziita za vichwa vidogo, na zipo zilizochanika au zenye mihuri. (Kwa sheria ya Marekani dola haifi, kwa mwenye duka la kubadilishia fedha, inakufa kabisa.) Ombeni noti za mia za toleo lililoanza kutumika mwaka 2013, zenye utepe wa bluu. Zinunuliwe benki au duka lenye leseni, si kwa mtu wa mtaani, na zisiachwe hadi siku ya mwisho. Mnakumbuka mwaka 2023 dola zilivyokuwa adimu hapa nchini. Mwendapo kuzinunua, bebeni pasipoti na tiketi, maana huulizwa, kisha tunza risiti. Kiasi chenu kiko mbali na dola 10,000, ambacho kwa kanuni zetu ndicho kiwango ambacho msafiri anapaswa kutoa tamko forodhani anapovuka mpaka. Shilingi mbaki nazo za teksi na treni ya kurudi tu. Msitarajie kuzibadilisha Istanbul.

Mkifika, badilisheni kidogo uwanja wa ndege, kiasi cha kuwafikisha hotelini, kwa kuwa viwango vya hapo si vizuri. Mjini maduka ya kubadilishia fedha, yenye maandishi Döviz, yako mengi na bei zake zimebandikwa mlangoni. Msigeuze dola zote kuwa lira siku ya kwanza. Lira ni fedha iliyopoteza thamani kwa kasi miaka ya karibuni. Oktoba 2022 mfumuko wa bei wa mwaka Uturuki ulivuka asilimia 85. Noti ya lira 200 ilipotoka mwaka 2009 ilikuwa fedha ya maana, na leo inanunua kidogo sana. Baadhi ya viingilio vimewekwa kwa euro kabisa: mgeni anayetaka kuiona Ayasofya, ule msikiti mashuhuri uliokuwa kanisa zamani, hulipa euro 25, utaratibu ulioanza Januari 2024. Kwa ninyi wawili hizo ni euro 50 asubuhi moja, na ni vizuri kuziingiza kwenye hesabu mkiwa bado mnakunywa chai Dodoma.

Habari ya mpwa ninaiweka peke yake, kwa sababu ndiyo iliyokuumiza. Huenda kijana ana nia njema kabisa. Mfanyabiashara aliye kule anahitaji shilingi hapa, ninyi mnahitaji lira kule, na kukutana katikati kunampunguzia makato naye. Ningekuomba usianze kwa kumfikiria kama mwizi, na nakuona hukuanza hivyo. Uliuliza maandishi, na swali la maandishi lilisikika kama tuhuma. Hatari yake haihitaji mtu mbaya. Mzigo wake ukikwama, akatumia lira zenu kuukomboa akitarajia kuzirudisha kesho kutwa, ninyi mtakuwa mmeketi hotelini bila fedha, na wifi yako hapa atakuwa hana shilingi za kurudisha kwa sababu zimekwisha kulipia jambo jingine. Hakuna benki ya kulalamikia, na ikumbukwe kwamba kuifanya kazi ya kubadilisha au kutuma fedha kama biashara bila leseni ya Benki Kuu ni kosa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakuwa wakiwazungumzia wezi.

Je, umkatae? Kumkatalia kabisa kunaweza kubakiza kidonda kati yako na wifi yako muda mrefu baada ya lira kusahauliwa. Kumkubalia yote ni kuiweka safari nzima mkononi mwa mtu mmoja ambaye hamtakuwa na haki ya kumdai kwa sauti. Kati ya hayo kuna mengine: mnaweza kumpa sehemu ndogo ambayo hata ikichelewa haiwaharibii siku, au mkamwomba msaada wa aina nyingine ambao kijana mwenyeji anauweza kuliko benki yoyote, kama kuwapokea, kuwaonyesha duka la kubadilishia lenye kiwango kizuri, na kuwasaidia kupata ile kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart. Msaada kama huo unampa heshima yake bila kumpa amana. Ni nani alipeleke neno hilo kwa wifi yako? Mimi naona lingesikika vizuri zaidi likitoka kwa kaka yake kuliko kwako, lakini wewe unawajua.

Nakuja kwenye akaunti. Umeandika kwamba hukuifungua kwa nia mbaya, nami sina sababu ya kulitilia shaka hilo. Unadhani, hata hivyo, kwamba uchaguzi wako ni kuitumia na kugunduliwa, au kuiacha na kuteseka. Tazama pia namna atakavyoijua. Kila ukilipa, ujumbe wa benki utaingia kwenye simu ukionyesha kiasi na pengine salio, na simu hiyo itakuwa juu ya meza ya chakula kati yenu, ukiwa umeizima sauti au hukuizima. Kuijua kwa njia hiyo, ugenini, katika safari aliyoibuni yeye, ni tofauti sana na kuambiwa na mkewe sebuleni.

Ukimwambia kabla ya safari, ipo hatari kwamba atajiona alifichwa, na ipo hatari nyingine ambayo nadhani ndiyo unayoiogopa zaidi: kwamba shamba litaanza kuipigia hesabu fedha hiyo. Hofu hiyo ina msingi, na inaweza kusemwa wazi katika mazungumzo yaleyale, kwamba fedha hizi zina kazi yake na kazi yenyewe ni ada. Ukichagua kutomwambia sasa, basi ningekusihi usiibebe kadi hiyo kama njia yenu kuu. Fungua matumizi ya nje kwenye kadi ya akaunti yako ya mshahara, ukubali makato ya ziada, na hiyo ya dola ibaki nyumbani au ibebwe kwa dharura ya kweli pekee, ukijua kwamba siku ya dharura itafichuka. Ipo pia njia ya kumwalika mwenyewe ndani: dola zitakazobaki mkirudi hazitalipia kitu hapa, kwa kuwa tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hivyo zitahitaji ama kubadilishwa ama kuwekwa benki. Mazungumzo kuhusu masalio hayo yanaweza kuwa mlango wa kumweleza kwamba akaunti ya kuyaweka ipo tayari, na imekuwepo kwa muda. Unaweza kuona kwamba njia hiyo inapinda mno, na sitakulaumu.

Wewe ndiwe unayemjua mume wako akiwa amekasirika na akiwa ametulia, na unajua wiki ipi ya mwezi hupokea habari vizuri. Lolote utakaloamua, kabla hamjapanda treni nendeni benki pamoja, yeye na kadi yake na wewe na yako, mkaulize mbele ya mhudumu mmoja ada za nje, kikomo cha siku, na namba ya simu ya kupiga mkiwa nje ya nchi, kwa sababu zile namba za bure zilizoandikwa nyuma ya kadi mara nyingi haziiti kutoka ugenini. Ziandikeni kwenye karatasi mbili, na kila mmoja akae na ya kwake.